“Borrow” na “Lend”: Mwongozo Kamili kwa Mzungumzaji wa Kiswahili

Katika Kiswahili mtu husema “nimeazima jembe kwa jirani” akiwa na maana kwamba amelichukua jembe la jirani alitumie, na jirani huyohuyo husema “nimemwazima jembe” akiwa na maana kwamba amelitoa. Kitenzi ni kimoja na jembe ni lilelile, wala hakuna anayechanganyikiwa, kwa sababu kiambishi “-m-” kilichoingia katikati ya kitenzi kimeshasema nani kampa nani. Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo. Kazi ya kitenzi chetu kimoja kimeigawa kwa vitenzi viwili visivyoshirikiana hata herufi moja: “borrow” ni tendo la anayechukua, “lend” ni tendo la anayetoa. Wengi wetu, wakiwamo walimu, makarani na mawakili wanaoandika Kiingereza kutwa nzima, bado tunasema “borrow me your pen” na kuona tumesema sawa.

Maelezo ya kawaida ya darasani ni kwamba “borrow” ni kuazima na “lend” ni kuazimisha. Kwenye karatasi maelezo hayo ni sahihi, lakini hayamsaidii mwanafunzi, kwa sababu mitaani watu wengi husema “niazime”, si “niazimishe”. Anayetaka kulimaliza tatizo hili hana budi kuanza na Kiswahili anachokisema kweli, kisha avuke hatua kwa hatua hadi kwenye Kiingereza.

Hatua ya kwanza: Chunguza sentensi yako ya Kiswahili kabla ya kuigusa ya Kiingereza

Chukua neno “niazime”. Ndani yake mna vitu viwili vinavyohusika hapa: “-ni-”, ambayo ni mimi ninayetaka kupewa, na “-azim-”, ambao ni mzizi wa kitenzi. Anayetafsiri kipande kwa kipande huchukua mzizi akaupa neno la kwanza linalomjia, yaani “borrow”, halafu huchukua “-ni-” akaifanya “me”, na hapo “borrow me” huwa imeshazaliwa. Kosa hilo lina mantiki yake, ila ni mantiki ya Kiswahili.

Sasa tazama “niazimie”. Kwa kuongezewa irabu moja tu ya kauli ya kutendea, maana imegeuka: mtu anatumwa akaazime kitu mahali pengine kwa niaba yangu, kama katika “niazimie baiskeli kwa Juma”. Mwingereza anayesikia “borrow me a bicycle”, akijaribu kuielewa kwa kanuni za lugha yake kama anavyoielewa “buy me a bicycle”, atafika kwenye maana hiyo ya pili, si ile uliyoikusudia. Wewe umeomba baiskeli yake. Yeye amesikia kwamba anatumwa kwa watu.

Kwa hiyo, unapokuwa na sentensi yenye kuazima au kukopa, kwanza itafute alama inayoonyesha mwelekeo. Ikiwa kitenzi kimebeba kiambishi cha mtu anayepewa, kama katika “ameniazima”, “tuliwaazima” au “mwazime”, kitu kinatoka kwa mtajwa wa kwanza na kumwendea yule wa katikati. Ikiwa hakuna kiambishi hicho na mbele kuna “kwa fulani”, kitu kinatoka kwa fulani. Ikiwa kitenzi ni “kopesha” au “azimisha”, kauli ya kutendesha imekurahisishia kazi, kwani daima ni kutoa. Zipo pia sentensi ambazo hazisemi chochote. “Juma ameazima gari lake” yaweza kuwa Juma amelitoa gari lake kwa mtu mwingine, na yaweza kuwa Juma amechukua gari la mtu aliyetajwa awali. Kwa Kiswahili tunayaachia mazingira ya mazungumzo yaamue. Kwa Kiingereza huwezi kuiandika kabla ya kujua, na ikiwa hujui, uliza.

Niseme pia kwamba hili si jambo la Waafrika Mashariki peke yao. Kijerumani nacho hutumia kitenzi kimoja, “leihen”, kwa pande zote mbili. Katika baadhi ya maeneo ya Marekani, hasa Minnesota na Wisconsin ambako wahamiaji kutoka Ujerumani na nchi za Skandinavia walikuwa wengi, “borrow me” husikika vinywani mwa watu waliozaliwa na Kiingereza. Hata Uingereza kwenyewe wapo wanaosema “can I lend your pen?” kwa lahaja zao. Lakini lahaja ni za nyumbani. Katika mtihani, barua ya ofisini na mkataba, maneno hayo mawili hayabadilishani nafasi.

Hatua ya pili: Mtambue aliyenacho kitu, kisha uangalie kama ndiye anayeanza sentensi

Kanuni yenyewe ni fupi. Anayeanza sentensi akiwa ndiye aliyenacho kitu na anakitoa, kitenzi ni “lend”. Anayeanza sentensi akiwa ndiye anayekipokea, kitenzi ni “borrow”. Nimechagua kusema “aliyenacho” badala ya “mwenyewe” kwa makusudi, na sentensi ifuatayo inaonyesha sababu:

Asha aliazima baiskeli kwa kaka yake, naye akamwazima Juma.

Vitenzi viwili vya sentensi hii vina mzizi mmoja, na Asha ndiye mtendaji katika vyote viwili. Mwanafunzi anayekariri kwamba “lend” ni ya mwenye mali atakwama, kwa sababu baiskeli si ya Asha hata kidogo. Tuifuate baiskeli yenyewe. Mwanzoni iko kwa kaka, Asha anaipokea, basi kwa kitenzi cha kwanza Asha ni mpokeaji, nasi tunaandika “Asha borrowed a bicycle from her brother”. Baada ya hapo baiskeli iko mikononi mwa Asha, na anaitoa. Kiambishi “-mw-” katika “akamwazima” kinathibitisha kwamba Juma ndiye anayepewa. Tunamalizia “and lent it to Juma”. Sentensi nzima inakuwa:

Asha borrowed a bicycle from her brother and lent it to Juma.

Fanya zoezi hili kwa kidole ikibidi: weka kidole juu ya jina la aliyenacho kitu, kisogeze hadi kwa anayekipata, halafu tazama ni jina lipi kati ya hayo mawili limekaa mwanzoni mwa sentensi. Ukilifanya kwa sentensi kadhaa, kidole hakitahitajika tena.

Jambo lingine linalofaa kukumbukwa ni kwamba tukio moja linaweza kusimuliwa kutoka upande wowote. “Halima lent Peter her umbrella” na “Peter borrowed Halima’s umbrella” ni tukio moja na mwavuli mmoja. Kilichobadilika ni nani tumemweka mbele. Ndiyo maana haiwezekani kusema kwamba neno fulani la Kiswahili daima hutafsiriwa kwa neno fulani la Kiingereza. Unachagua kwanza nani wa kuanza naye, na kitenzi kinafuata uchaguzi huo.

Hatua ya tatu: Usiiamini “kwa”

Hapa ndipo nadhani penye mzizi wa matatizo mengi yanayobaki hata baada ya mtu kuzijua maana. Kihusishi “kwa” katika Kiswahili hakina mwelekeo. “Nimepeleka barua kwa Juma” ni kwenda. “Nimeazima kitabu kwa Juma” ni kutoka. Anayeichukua “kwa” na kuigeuza “to” kila inapojitokeza ataandika “I borrowed a book to Juma”, sentensi ambayo msomaji wa Kiingereza hawezi kujua aikosoe wapi: je, mwandishi alitaka kusema “lent” akakosea kitenzi, au alitaka kusema “from” akakosea kihusishi?

Wasomaji wa Kongo na Burundi waliosomea Kifaransa wana mtego wa ziada. Kifaransa kina vitenzi viwili kama Kiingereza, “emprunter” kwa anayechukua na “prêter” kwa anayetoa, lakini vyote viwili hufuatwa na “à” kabla ya jina la mtu. Kwa hiyo mwelekeo wa “à” nao haujulikani mpaka uangalie kitenzi, na anayetoka huko kwenda kwenye Kiingereza hubeba mazoea yaleyale.

Dawa yake ni kujifunza kila kitenzi pamoja na kihusishi chake kama neno moja. Usijifunze “borrow”, jifunze “borrow from”. Usijifunze “lend”, jifunze “lend to”. Na pale ambapo Kiswahili kimeacha kihusishi kabisa, kama katika “nimekopa benki” au “nimekiazima maktaba”, kirudishe unapoandika Kiingereza: “from the bank”, “from the library”.

Hatua ya nne: Panga maneno mahali pake

“Lend” hukubali mipangilio miwili. Unaweza kumtaja mtu kwanza bila kihusishi, halafu kitu: “Lend me the hammer.” Unaweza pia kukitaja kitu kwanza, halafu mtu pamoja na “to”: “Lend the hammer to me.” Usiichanganye mipangilio hiyo ukaandika “lend to me the hammer”, kosa ambalo limeenea sana katika barua zetu rasmi. Kitu kinapokuwa kiwakilishi kama “it” au “them”, mpangilio wa pili ndio salama: “lend it to me”.

“Borrow” ina mpangilio mmoja tu. Kinachofuata mara moja baada ya kitenzi ni kitu, kamwe si mtu: “borrow the hammer from him”. Unaweza pia kumtaja mwenyewe kwa umiliki: “borrow his hammer”. Ukiona baada ya “borrow” kuna “me”, “him”, “us” au jina la mtu, futa uanze upya. Ukaguzi huu ni wa haraka na unakamata karibu makosa yote.

Hatua ya tano: Nyakati na matamshi

“Borrow” ni kitenzi cha kawaida: “borrowed” kwa wakati uliopita na kwa “have borrowed”. “Lend” hubadilika kuwa “lent” katika hali zote mbili. Hakuna neno “lended”.

Kwenye matamshi kuna tahadhari moja. Kiswahili kinatofautisha “l” na “r” vizuri, lakini lugha za mama za baadhi yetu hazitofautishi, na sauti hizo hubadilishana hata mtu anapozungumza Kiingereza. Kwa maneno mengi hakuna madhara. Hapa yapo, kwa sababu “lent” ikigeuka “rent” inakuwa habari ya kupangisha. Umempa rafiki chumba chako akae bure kwa muda, nawe unajikuta umetangaza kwamba unamtoza kodi.

Hatua ya sita: Kuomba bila kukosea

Maombi ndiyo matumizi makubwa ya maneno haya, na ndiyo yanayosikika na watu wengine, hivyo yanastahili muda zaidi.

Kwa Kiingereza kuna milango miwili ya ombi moja. Ukianza na wewe mwenyewe, yaani “Could I…” au “May I…”, kitenzi ni “borrow”, kwa kuwa wewe ndiye utakayepokea: “Could I borrow your charger?” Ukianza na unayemwomba, yaani “Could you…” au “Would you…”, kitenzi ni “lend”, kwa kuwa yeye ndiye atakayetoa: “Could you lend me your charger?” Zote mbili zina adabu sawa. Anayeshindwa kukumbuka katikati ya mazungumzo na ajizoeze mlango mmoja tu, nami ningempendekezea “Could I borrow…”, kwani ndio mfupi na hauna mtu wa kupangwa baada ya kitenzi.

Maombi ya maandishi ni magumu kidogo kwa sababu Kiswahili rasmi hupenda kauli ya kutendwa. Fikiria shule inayoandikia shule jirani: “Tunaomba kuazimwa viti 50 kwa ajili ya mahafali.” Katibu anayetafsiri mstari huo huandika “We request to be borrowed 50 chairs”, na hapo kwa Kiingereza ni kana kwamba kinachoazimwa ni wale walimu wenyewe, wachukuliwe wakatumike mahali kisha warudishwe. Kauli ya kutendwa inayofaa hapa ni ya “lend”, yaani “to be lent 50 chairs”. Kisarufi ni sahihi, ila ni nzito, na mwandishi mzoefu huiepuka kwa kuchagua mojawapo ya hizi mbili:

We would like to borrow 50 chairs from your school for our graduation ceremony.

We kindly request that you lend us 50 chairs for our graduation ceremony.

Ya kwanza ni ya moja kwa moja zaidi; ya pili inamweka mbele anayeombwa, na kwa barua inayokwenda kwa mkuu wa shule mwenzako nadhani inakaa vizuri zaidi. Katika jibu, shule jirani itaandika “We are pleased to lend you the chairs”, na viti vikirudishwa, barua ya shukrani itasema “Thank you for lending us the chairs”. Angalia kwamba katika shukrani kinachotajwa baada ya “for” ni tendo la aliyetoa, hivyo ni “lending”. “Thank you for borrowing us” ni lilelile kosa la mwanzo likiwa limevaa tai.

Unaporipoti ombi la mtu mwingine, mlango unachagua kitenzi vilevile. “Aliniomba nimwazime shilingi 20,000” ni “He asked me to lend him 20,000 shillings”. Ukitaka kuifupisha, “He asked to borrow 20,000 shillings from me”. Tofauti kati ya “asked me to” na “asked to” ni neno moja, lakini ndilo linaloamua nani atatenda.

Hatua ya saba: Je, kitu chenyewe kinaazimika?

Kiswahili kinatofautisha jambo ambalo Kiingereza hakilitofautishi. Kuazima ni kwa kitu kitakachorudi chenyewe, kama ngazi au kitabu. Kukopa ni kwa kitu kitakacholipwa kwa kingine cha thamani yake, kama fedha. Kiingereza hutumia “borrow” na “lend” kwa vyote viwili, hivyo ngazi na shilingi milioni moja hupewa kitenzi kimoja. Hapo kazi ni rahisi.

Ugumu uko dukani. “Nimekopa unga” kwa maana ya kuchukua bidhaa leo na kulipa mwisho wa mwezi si “I borrowed flour”. Mwenye duka hataki unga wake urudi, anataka fedha. Kiingereza kinaliita tendo hilo “buy on credit”: “I bought flour on credit.” Lakini ukienda kwa jirani kuomba kikombe cha sukari ukiahidi kumrudishia kikombe kingine, hapo “borrow a cup of sugar” ni sawasawa, hata kama sukari ile itakuwa imeshanyweka.

Vitu visivyosogea havifai kwa “borrow”. Mtu haombi “to borrow” choo au kituo cha kuchajia. Huomba “to use”. Simu iko katikati: “Can I borrow your phone?” ni sahihi kwa kuwa utaishika na kuirudisha, na “Can I use your phone?” nayo ni sahihi.

Pakiwa na malipo, toka kabisa katika jozi hii. Gari la kukodi hali-“borrow”-wi. Ni “hire” kwa Waingereza na “rent” kwa Wamarekani. Na hapa Kiingereza chenyewe kina kitenzi chenye tabia ileile ya “azima” yetu: “rent” ni ya mpangaji na ni ya mwenye nyumba. “She rents a room from Mrs Mushi” na “Mrs Mushi rents a room to her” zote ni sawa, na kinachomwokoa msomaji ni “from” na “to”. Sisi tuna panga na pangisha, kodi na kodisha, kwa hiyo katika jambo hili tumewazidi. Wenyewe wakitaka uwazi huongeza “out”: “rent out a room” ni kupangisha tu.

Hatua ya nane: Fedha, mikataba na magazeti

Nomino inayounganisha pande zote mbili ni “loan”, yaani mkopo. Mkopo ni uleule ukiutazama kwa aliyetoa au kwa aliyepokea: benki “gives a loan”, mteja “takes a loan” au “gets a loan”. Wamarekani hutumia “loan” kama kitenzi pia, kwa maana ya “lend”: “He loaned me his car.” Katika maandishi rasmi ya Kiingereza cha Uingereza, ambacho ndicho mitihani na mahakama zetu hukifuata, “lend” ndiyo inayopendelewa. Michezo ni uwanja mwingine. Mchezaji wa mkopo huitwa “on loan”: yuko “on loan from” klabu inayommiliki “to” au “at” klabu anayoichezea, na “borrowed player” si msemo unaotumika.

Katika mikataba ya mikopo utakuta herufi kubwa: “the Lender” na “the Borrower”, yaani mkopeshaji na mkopaji. Kabla ya kusoma kifungu chochote, andika pembeni kwa kalamu jina la benki chini ya “Lender” na jina lako chini ya “Borrower”, kisha soma kila “shall” ukijua inamfunga nani. Ushauri huu unaonekana mdogo, lakini vifungu vya riba, faini na dhamana huandikwa kwa majina hayo mawili yakipokezana ndani ya sentensi moja ndefu, na macho yaliyochoka huyabadilisha.

Nchini Kenya, katika mambo ya bodi ya mikopo ya wanafunzi, HELB, limezoeleka neno “loanee” kwa maana ya mwanafunzi aliyekopeshwa. Ni neno linaloeleweka vizuri kwetu, lakini Uingereza na Marekani halitumiki sana; ukiandikia wasomaji wa huko, “borrower” ndilo la kuweka.

Mtego mkubwa kuliko yote uko katika mikopo ya nyumba. Watu wamezoea kwamba mwisho “-or” ni wa anayetoa na “-ee” ni wa anayepokea: “lessor” ni mwenye nyumba, “lessee” ni mpangaji. Wakikutana na “mortgagor” hudhani ni benki, kwa kuwa benki ndiyo iliyotoa fedha. Ni kinyume chake. Kinachotolewa katika “mortgage” ni rehani, na anayeitoa ni mkopaji, kwa hiyo “mortgagor” ni wewe na “mortgagee” ni benki. Nchini Kenya, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 hutumia “chargor” na “chargee” kwa mpangilio huohuo. Kwa hiyo katika jalada moja mtu yuleyule ni “Borrower” kwa fedha alizopokea na ni “mortgagor” kwa rehani aliyotoa. Yafaa kukumbuka kwamba “borrow” yenyewe, katika Kiingereza cha kale, ilitokana na neno lenye maana ya dhamana.

Kwenye kurasa za uchumi, “government borrowing” ni serikali kukopa, na “bank lending” ni benki kukopesha. “Lending rate” ni riba wanayotozwa wakopaji. Benki inapopokea akiba za watu, kwa lugha ya wachumi inakuwa imekopa kwao, ndiyo maana katika taarifa moja ya fedha benki hiyohiyo inaweza kuonekana mara kama “lender”, mara kama “borrower”, bila kuwapo kosa la uchapaji.

Hatua ya tisa: Pale ambapo hakuna kinachorudishwa

Ipo misemo ambamo maneno haya yameacha maana ya kurudisha. “Lend a hand” ni kusaidia. “Lend an ear” ni kusikiliza. “Lend support” ni kuunga mkono. Katika yote hayo mtendaji bado anatoa, hivyo kanuni ya mwelekeo haijavunjika. “Lend itself to” hutumika kwa kitu kinachofaa jambo fulani: “This room lends itself to small meetings” ni chumba hiki kinafaa kwa mikutano midogo. Msemo huu wa mwisho ni wa maandishi, na ukiutumia vizuri unapendeza.

Upande wa “borrow”, mwalimu wa hesabu anapotoa 17 kwenye 52 huazima kumi moja kutoka kwa makumi matano, anapata 12 toa 7 ni 5, kisha 4 toa 1 ni 3, jibu 35. Na kumi ile hairudishwi kamwe. Lugha nazo huazima maneno. Magazeti ya Kenya yanapenda sana “borrow a leaf from” kwa maana ya kuiga mfano mzuri wa mtu. Ni Kiingereza chetu cha Afrika Mashariki, nami sioni sababu ya kukionea haya nyumbani, ila Mwingereza husema “take a leaf out of someone’s book”, na mtahini wa nje anaweza kukukata alama.

Hatua ya kumi: Jipime

Funika majibu, tafsiri kwa maandishi, kisha linganisha.

“Dada yangu ameniazima begi lake la safari.” Kiambishi “-ni-” kinaonyesha kwamba mimi nimepewa, na dada ndiye anayeanza: “My sister has lent me her suitcase.”

“Kitabu hiki nimekiazima maktaba.” Hakuna mpokeaji ndani ya kitenzi isipokuwa “-ki-” ya kitabu, na kihusishi kimeachwa: “I borrowed this book from the library.”

“Tumeazimwa projekta na shule jirani.” Usiifuate kauli ya kutendwa. Mlete mtoaji mbele: “The neighbouring school has lent us a projector.”

“Alikopa mchele kwa Mangi.” Mangi ni jina la mitaani la mwenye duka, na kinachodaiwa ni fedha: “She bought rice on credit from the shop.”

“Usimkopeshe mtu usiyemjua.” Kiswahili hakikutaja fedha, kwa sababu “kopesha” imeshazibeba. Kiingereza kinataka zitajwe: “Don’t lend money to someone you don’t know.”

“Mjomba alikopa benki ili amkopeshe mpwa wake mtaji.” Mjomba anaanza mara mbili: kwanza anapokea, kisha anatoa. Kihusishi cha benki kinarudishwa, na kwa kuwa Kiswahili hakijasema kama mpwa ni wa kiume au wa kike, itabidi uulize kwanza. Akiwa wa kiume: “My uncle borrowed money from the bank so that he could lend his nephew some capital.” Katika mkataba wa benki mjomba ataandikwa “Borrower”, na akimwandikisha mpwa wake karatasi, kama inavyompasa, humo yeye atakuwa “Lender”.